Pipa Lililozibwa Pua

Baba,

Ko.

Ndiyo sauti niliyobaki nayo. Pigo moja la nyundo ya mbao juu ya kizibo, asubuhi, nyuma ya jiko letu kule Gitothua, na kuku wawili wakaruka kando kwa kushtuka.

Wanaokuja kumpa Mama pole hunivuta pembeni na kuniuliza kama bado naisikia bunduki. Nitaisikiaje? Bunduki ililia Thika, nami nilikuwa Ruiru darasani, nikiwaonyesha watoto jinsi ya kugawa chungwa katika robo. Ninachosikia ni pigo lile la nyundo. Nalisikia mtoto anapofunga dawati. Nalisikia Mama anapogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Mkono uliopiga ulikuwa wangu, Baba, na mpaka Jumapili iliyopita hapakuwa na mtu aliyejua.

Nakuandikia kwa kuwa huna kaburi. Mama alienda kuuomba mwili mara tatu. Mara ya tatu karani alimwambia kwamba watu wa namna yako huzikwa na serikali yenyewe, arudi nyumbani. Watu wa namna yako! Alirudi na ile blanketi ya kijivu aliyokuwa ameibeba ili akufunike, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kitanda juu ya lile pipa la pili, pacha wa lile ulilokwenda nalo.

Nayakumbuka mapipa yale yakizaliwa. Zamani pombe ilisafiri ndani ya vibuyu, mgongoni kwa mtu, na vibuyu vilipasuka katika mawe ya njia ya Gatuanyaga hata ukafika kwa wenyewe na harufu tupu. Wewe ulikuwa fundi wa mbao katika shamba la kahawa. Uliokota mabaki ya mbao za matangi, ukaomba pete za chuma kutoka kwenye mapipa yaliyooza, na miezi miwili ukakaa pale chini ya paa la jiko ukichonga, ukipinda mbao kwa mvuke, ukipima kwa jicho. Yakatoka mawili, kila moja kama mwana-mbuzi aliyejikunja kulala. Yalikaa sawasawa kwenye kerea ya baiskeli, kile kibebeo cha nyuma. Jirani yetu mzee alikuja kuyatazama na fimbo yake, akasema, "Fundi, hii ni ngoma au ni jeneza la paka?" Ukamjibu, "Hili ni gari la mgeni."

Mgeni ilikuwa pombe. Hukuiita kwa jina lingine ikiwa safarini.

Muratina yako iliondoka nyumbani ikiwa changa, siku ya pili tu tangu asali na maji ya miwa yakutane na yale maganda makavu ya mti wa muratina. Ulitaka imalizie kuchemka kwa wenye sherehe, ili wainywe ikiwa katika nguvu zake. Kwa hiyo njiani ilikuwa bado hai. Ndiyo maana hukulifunga pipa kabisa. Kizibo chako ulikichonga mfereji mwembamba ubavuni, upana wa ukucha wa mtoto, na hapo pombe ilipitisha pumzi yake. Hapo palikuwa pua. Kizibo kilisimama nusu ndani, nusu nje, na pipa likasafiri likisema ssss, ssss, na povu kidogo likitambaa ubavuni. Ulinionya tangu nikiwa mdogo, nilipotaka kukisukuma kwa kidole: "Mama, mwache mgeni apumue. Ukimziba pua atatafuta mlango mwingine, na atauvunja."

Uliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako. Tangu uondoke hakuna anayeniita hivyo. Mwalimu wananiita wengi.

Nilijua, Baba. Hilo ndilo linalonila. Mtu asiyesoma angeweza kusema hakujua. Mimi nilisoma chuoni jinsi hamira inavyokula sukari na kutoa hewa, na jinsi hewa ikipata joto inavyotaka nafasi. Nimelifundisha jambo hilo ubaoni, na nikachora chupa. Lakini nilikuonea haya.

Sasa nakwambia jinsi ilivyokuwa.

Unaikumbuka safari ya mwaka uliotangulia, ulipopita na baiskeli mbele ya shule saa ya mapumziko? Pipa lilikuwa likilia ssss, povu limekuchafua suruali, na harufu ya asali chachu ikaingia hadi madarasani. Watoto walikimbilia kwenye ua wa michongoma. Mmoja akapiga kelele, "Mwalimu! Mzigo wa baba yako unapiga chafya!" Mwingine akasema, "Si chafya, babu amebeba nyoka!" Ukacheka nao. Ukawaambia nyoka mwenyewe ana njaa, anatafuta mtoto asiyejua hesabu. Wakakupenda siku hiyo. Mwalimu mkuu hakucheka. Alisubiri hata watoto wakaingia, akaniuliza polepole, "Mwalimu Wambui, si wewe uliyesimama kanisani ukaahidi kuacha mambo ya pombe? Kwani nyumbani kwenu mnaishije?"

Nililibeba swali lile mwaka mzima kama jiwe ndani ya kiatu.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Februari tuliyofundisha kufidia siku za amri ya kutotoka nje. Mwana wa Baba Mdogo alikuwa anachumbia Gatuanyaga, na pombe ya kuomba msichana haitumwi kwa mtu yeyote. Hupelekwa na mkubwa wa nyumba, na mkubwa ulikuwa wewe. Tangu Imajensi ianze, ile hali ya hatari ya serikali, pombe ilitaka karatasi ya chifu, nayo karatasi ilisema chombo kimoja. Ukaliacha pipa moja chini ya kitanda. "Mapacha watengane leo," ulisema, "atakayebaki amlindie mwenzake nafasi."

Tulikuwa tuondoke pamoja, wewe na baiskeli, mimi kwa miguu kando yako mpaka lango la shule. Nilikuwa nimevaa gauni langu jeupe la kufundishia. Uliingia ndani kutafuta karatasi katika makoti yako yote mawili. Pipa lilikuwa kwenye kerea, ssss, ssss. Nikaitazama nyundo. Nikafikiri: mpaka langoni tu. Tukishapita nitamwambia akilegeze. Nikapiga mara moja, ko, kizibo kikazama chote, na pipa likanyamaza. Nikalifunika gunia.

Sijawahi kusikia ukimya mzito kama ule. Nilipaswa kuuogopa.

Njiani ulikuwa unasimulia juu ya mahari ya Mama, jinsi babu alivyokukatalia mbuzi mmoja kwa kuwa alikuwa na jicho baya, na ukamrudisha mbuzi yule yule wiki iliyofuata umemwosha. Nilicheka mahali palipostahili, huku nikihesabu hatua. Tulipofika langoni mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Ukamwamkia. Akaitikia. Ukanigeukia, ukasema, "Mama, mbona umenyamaza leo?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: Baba, legeza kizibo. Nikasema, "Nenda salama, Baba." Nikaingia.

Nilijifariji kwamba utakigundua mwenyewe Juja. Kila mara ulisimama pale kwenye mashamba ya mkonge, ukajinyoosha mgongo na kumtazama mgeni. Sikujua kwamba wiki hiyo ilitoka amri mpya: hapana kusimama kati ya kituo na kituo. Anayesimama kando ya mkonge anahesabiwa kuwa anamsubiri mpiganaji wa msituni. Kwa hiyo ulikanyaga bila kupumzika, jua la Februari kichwani, barabara ikilitikisa pipa, mpaka kizuizi cha Thika.

Mengine niliambiwa na Mama Wairimu, yule muuza ndizi, aliyekuwa nyuma yako kwenye mstari. Anasema ulikuwa mchangamfu. Mlinzi mmoja, homugadi kijana mwenye bunduki ndefu kuliko akili yake, alikuuliza una nini chini ya gunia. Ukasema, "Mgeni wangu, amelala." Wenzake wakacheka. Hapo, anasema, uliliinua gunia ukalitazama pipa, na uso wako ukabadilika. Ukanyoosha mkono kwenye kizibo. Ukasema, "Rudini nyuma, rudini nyuma wote!"

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Ulikuwa unawaokoa. Wao walisikia mtu anayejua kitakachotokea.

Lilipasuka. Mbao zikaruka, pete moja ya chuma ikampiga mlinzi yule begani, na kabla povu halijafika chini alikuwa amefyatua. Mama Wairimu anasema barabara nzima ilinuka asali. Watu walilala kifudifudi katika pombe. Na kwa siku mbili nyuki walikuja pale, wengi, wakatua kwenye vumbi mahali ulipoangukia, na walinzi wakawaogopa, wakahamisha kizuizi hatua hamsini.

Kila mtu aliinusa muratina. Lakini katika ripoti liliandikwa bomu la kienyeji, limefichwa katika chombo cha mbao, likipelekwa msituni.

Baada ya hapo walikuja nyumbani. Walichimba jiko lote. Walichukua patasi zako, randa, na yale mawe uliyokuwa ukinolea. Pipa la pili hawakulichukua, kwa kuwa Mama alikuwa ameketi juu yake, blanketi imelifunika, akilia, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Wakamchukua Njuguna. Kaka yangu mwenye jina la baba yako, ambaye ulimwita Baba na yeye akikuita Baba hata wageni wakachanganyikiwa nani mzazi. Wanamuuliza swali moja: yako wapi mengine? Miezi mitano sasa, swali ni hilo hilo, naye hana jibu kwa sababu hakuna mengine. Mama huletewa nguo zake azifue. Huzifua peke yake kabla sijarudi kutoka shule, na maji huyamwaga mbali.

Nami nilinyamaza miezi mitano. Usinitetee. Najua ungenitetea. Nilijiambia kwamba nikisema watanichukua na mimi, na Mama atabaki na nani. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ilikuwa Mama mwenyewe. Kila alipopakua chakula alisema, "Mkono uliomuua baba yenu ukauke," kisha akanipa sahani, nami nikaipokea kwa mkono huo.

Jumapili iliyopita alirudi kutoka Thika, wanakomshikilia Njuguna. Akanywa maji. Akasema orodha imeandikwa, Ijumaa Njuguna anahamishwa, anapelekwa mbali, kule ambako hawaruhusu chakula cha nyumbani. "Wanaopelekwa kule hawarudi," alisema, kama mtu anayesema mvua haijanyesha.

Basi nikamwambia. Alikuwa anaponda viazi na mahindi. Nilisimama mlangoni, nikaeleza yote, gauni, lango, nyundo. Aliendelea kuponda. Aliponda mpaka chakula kikawa uji. Nilingoja anilaani kwa jina. Mwishowe akaweka mchi chini, akaingia chumbani, akarudi na pipa mikononi. Akalitua miguuni pangu. Akasema, "Unajua kuipika?"

Ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Niliipika Jumanne. Sikuwahi, unajua, ila nilikutazama miaka ishirini. Miwa tuliitwanga pamoja, mimi na yeye, mchi kwa mchi, bila kuzungumza. Asali tulikuwa na ile uliyoificha kwenye chungu chenye ufa. Pombe hii haina karatasi ya chifu, Baba, na hilo ni kosa lingine juu ya langu. Lakini Julai si Februari. Mawingu yamekaa juu ya Ruiru kama kifuniko, na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Muratina haikutaka kuamka. Nililiweka pipa karibu na mafiga, Mama akaja akalivisha ile blanketi yako, akalifunga kwa leso yake kama mtoto mgonjwa. Jana alasiri nikaweka sikio. Ssss.

Leo ni Alhamisi. Sikwenda shule. Kibali changu cha safari kinasema nampelekea ndugu yangu chakula. Nilichonga kizibo kipya chenye pua, nikalibeba pipa mgongoni kwa kamba ya kichwani kama wanawake wanavyobeba kuni, nikapita mbele ya lango la shule mchana kweupe likilia ssss, ssss, povu likinishuka kwenye gauni. Watoto walikuja kwenye ua. Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alitoka, akaniona, akafungua mdomo. Nikamwambia, "Habari ya asubuhi, Mwalimu. Nyumbani kwetu tunaishi hivi." Sikungoja jibu. Ndani ya basi nililipakata, na katika kila kituo cha ukaguzi niliwaonyesha povu likitoka. Walionja kwa kidole, wakacheka, wakaniacha. Pipa linalopumua halimtishi mtu.

Sasa niko ndani ya kituo cha Thika. Nimeketi chini kwenye changarawe, daftari gotini, na pipa liko mbele yangu hatua kumi na mbili.

Nilimwomba afisa anisikilize. Afisa hayupo, yuko sajini. Nilimpa maelezo niliyoyaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kurasa mbili, jina langu chini, kwamba pombe ilizibwa na mimi Wambui, kwamba Fundi hakujua, kwamba Njuguna hakuwapo, na kwamba hakuna mengine isipokuwa hili. Niliomba mambo mawili, Njuguna aachwe na tuonyeshwe ulikozikwa. Alisoma akitikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "umetuletea staftahi?" Wakacheka wote. Nikamwambia nitaliziba mbele ya macho yao, nao waone pombe ikilipasua pipa bila bomu. Nikaitoa nyundo yako mfukoni.

Ko.

Kisha nikampa sajini ile nyundo. Kizibo kimezama, nami kichwa chake nimekikata kwa kisu hata hakishikiki. Hakuna wa kukitoa.

Sajini akasema, "Vizuri. Utakaa nalo hapo. Likipasuka, tutaona. Likilala mpaka jioni, na wewe utalala hapa, na utatuambia yaliko mengine."

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa jua, kama lipo, limepita katikati. Wingu halijafunguka hata kidogo. Walicheza karata kwanza, wakanitania. "Mwalimu, mgonjwa wako anaendeleaje?" "Mwalimu, mwimbie." Sasa wamechoka kunitania, na hilo ni baya zaidi. Katika dirisha la nyavu naona vidole vya Njuguna. Anaita kwa sauti ambayo siijui, "Wambui, nenda nyumbani. Nenda nyumbani, we mtoto." Simjibu. Nikimjibu nitasimama.

Ila kuna mmoja asiyecheza karata. Ni yule mlinzi, Baba. Nimemjua kwa jinsi anavyolishika bega lake. Tangu nilipogonga hajaondoa macho kwenye pipa. Saa iliyopita alichukua kiti chake akakihamishia nyuma ya ukuta wa mawe, akachungulia kutoka pale. Sajini akamcheka: "Unaogopa pombe?" Akainama kidogo zaidi. Yeye anajua. Amejua siku zote lilikuwa nini, na ananitazama sasa kama ninavyomtazama, watu wawili wa pigo moja moja.

Jua limetoka. Dogo, kama linavyotoka Julai, lakini limelifikia pipa. Mbao zimeanza kulia kwa ndani, sauti nyembamba. Kwenye kiungo cha tatu kuna povu, tone, kisha lingine. Sajini ameacha karata. Ananiamuru nikalegeze. Nimemwonyesha kidole kile kizibo kisichoshikika, kisha nimerudi kuandika, kwa sababu nataka nimalize kabla.

Kwaheri, Baba. Usingizi wako popote walipokulaza uwe wa fundi aliyemaliza kazi. Nikitoka hapa nitachonga pipa jingine, na nitalibeba mwenyewe Gatuanyaga, maana yule msichana bado anangoja pombe ya kuombwa. Litapita mbele ya kila lango likipumua. Nisipotoka, Mama anajua kuchonga pua ya kizibo. Nilimwachia cha mfano juu ya meza.

Wameanza kurudi nyuma. Nami sijasogea. Nilikwisha kutia jina langu.

Wambui,
uliyemwita Mama